Programu ya kutafuta maandishi imepungua kasi: Hyperfine, perf, Cachegrind na Criterion ubavu kwa ubavu

Umebadilisha mistari 12 kwenye programu yako ya kutafuta maandishi. Majaribio yote yamepita, umesukuma badiliko, umelala. Wiki mbili baadaye mtu anakuandikia kwamba utafutaji uliokuwa unakwisha kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe, sasa unampa nafasi ya kuagiza chai. Majaribio yako hayakudanganya. Majibu ni yaleyale, mstari kwa mstari, ila yanachelewa, na kuchelewa ni jambo ambalo majaribio ya kawaida hayana jicho nalo.

Ukitaka jicho hilo utakuta vyombo vinne vinatajwa zaidi: Hyperfine, perf stat, Cachegrind na vipimo vidogo vya aina ya Criterion. Kila kimoja kina watu wanaokiapia. Nimevitumia vyote kwa nyakati tofauti, na shida niliyoiona ni kwamba watu huvilinganisha kana kwamba vinajibu swali moja, kumbe kila kimoja kina swali lake.

Kwa nini programu hizi huzorota kimyakimya

Mike Haertel, aliyeandika toleo la mwanzo la GNU grep, programu maarufu ya kutafuta maandishi, alieleza siri yake mwaka 2010: grep ina kasi kwa sababu inakwepa kutazama kila baiti, na kwa zile baiti chache inazozitazama inatekeleza maelekezo machache mno. Algoriti ya Boyer-Moore ya mwaka 1977 huiwezesha kuruka vipande vizima vya maandishi ambamo neno haliwezi kuwamo. Tena haijisumbui kukata maandishi kuwa mistari mpaka iwe imeona dalili ya kupata kitu. Kizazi kilichofuata, kama ripgrep ya Andrew Gallant iliyotoka mwaka 2016, kimeongeza maelekezo ya SIMD yanayolinganisha baiti 16 au 32 kwa mkupuo, na kugawa mafaili kwa thredi nyingi, yaani nyuzi za kazi zinazoendeshwa sambamba.

Kwa hiyo kasi yote hiyo inaishi kwenye njia za mkato. Ongeza chaguo moja, ruhusu herufi kubwa na ndogo zilingane, panga upya namna ruwaza (maandishi au kanuni unayotafuta) inavyochambuliwa, na programu inaweza kuiacha njia ya mkato ikarudi kwenye barabara ya vumbi. Hakuna kosa litakalotokea. Hakuna onyo.

Kuzorota kwenyewe kuko kwa namna mbili kuu. Kuna kuanguka, yaani ruwaza ya aina fulani ghafla inachukua muda mara 5 au mara 10. Hiyo hata saa ya mkononi itaiona, mradi uwe umeijaribu ruwaza hiyo. Kisha kuna kumomonyoka. Bandu bandu huisha gogo: ukipoteza asilimia 1 katika kila toleo, baada ya matoleo 20 muda umeongezeka kwa takriban asilimia 22, na hakuna siku hata moja utakayoweza kuinyooshea kidole. Vyombo vinavyokamata namna ya kwanza si lazima vikamate ya pili.

Vigezo

Nitavipima vyote vinne kwa maswali yaleyale. Chombo kinapima nini hasa? Kina kelele kiasi gani, yaani ukirudia kipimo kilekile bila kubadili kitu, majibu yanatawanyika kwa kiasi gani? Ni nini kisichoonekana kwacho? Na kukisimamisha kunagharimu nini, kwa muda wako na kwa mashine unayohitaji? Mwishoni mwa kila kimoja nitasema kinamfaa nani.

Sikuweka kigezo cha kipi ni sahihi zaidi. Vyote ni sahihi kwa kile vinachokipima.

Kwanza, chakula cha kipimo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kuliko kwenye uchaguzi wa chombo. Nimeona watu wakibishana siku nzima kuhusu chombo huku wakipima kwa faili moja la ukubwa wa kilobaiti 40.

Programu ya kutafuta ina sura kadhaa, na kila sura inaweza kuzorota peke yake. Faili moja kubwa hupima mtambo wa kutafuta. Folda yenye maelfu ya mafaili madogo hupima kutembea kwenye folda, kusoma kanuni za `.gitignore` (orodha ya mafaili ya kuruka) na kufungua mafaili. Neno linalotokea kila mstari hupima uchapishaji wa majibu, ilhali neno lisilokuwepo kabisa hupima kuruka kutupu. Skripti ya `benchsuite` iliyomo ndani ya hazina ya ripgrep hutumia msimbo wa kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux kwa ile sura ya mafaili mengi, na manukuu ya filamu ya OpenSubtitles, kwa Kiingereza na Kirusi, kwa sura ya faili kubwa. Kirusi hakikuwekwa kwa mapambo. Herufi zake ni baiti 2 kila moja katika UTF-8, na njia za Unicode hupitiwa na maandishi ya namna hiyo.

Kuhusu Kiswahili chetu nina neno. Maandishi ya Kiswahili kwa Kilatini ni ASCII karibu yote, yaani herufi za baiti 1 kila moja. Kinachotoka nje ni ritifaa iliyopinda ndani ya ng’ombe, ambayo ni baiti 3. Kwa hiyo ukipima kwa habari za magazeti ya Dar es Salaam ukidhani umeshapima Unicode, hujapima. Chukua Kirusi, au ukitaka kubaki nyumbani, tafuta tenzi zilizochapwa kwa hati ya Kiarabu.

Lakini Kiswahili kinafaa kwa jambo jingine. Maktaba ya memchr, ambayo ripgrep huitegemea, huchagua baiti iliyo adimu zaidi ndani ya neno unalotafuta na kuiwinda hiyo kwanza, na uadimu huo huusoma kwenye jedwali lililoandaliwa mapema, jedwali moja kwa lugha zote. Kiingereza hutumia herufi k kwa nadra. Kiswahili bila k hakisemeki: kwa, katika, kama, kuku, ki- na ku- mwanzoni mwa maneno mengi. Baiti inayodhaniwa adimu inaweza kujitokeza kila baada ya hatua mbili, na ule mruko mrefu ukageuka kuwa kuchechemea. Ndiyo maana kwenye folda yangu ya vipimo sikosi faili moja la Kiswahili na ruwaza kama `kwake` na `kwamba`. Badiliko lililoonekana zuri kwa Kiingereza limewahi kunionyesha sura nyingine hapo.

Kabla ya kupima chochote, fanya mambo mawili. Hakikisha matoleo yote mawili yanatoa majibu yaleyale, kwa kuwa toleo linaloruka mafaili bila kukusudia litaonekana na kasi ya ajabu. Kwa ripgrep, `rg --files | wc -l` itakuambia ni mafaili mangapi yanayotembelewa. Kisha linganisha toleo la zamani na lenyewe. Tofauti utakayoiona kati ya mtu na kivuli chake ndiyo kelele ya mashine yako, na tofauti yoyote iliyo chini ya hapo usiitangaze.

Hyperfine

*Kinachopimwa.* Muda anaousubiri mtumiaji, tangu programu inapoanza hadi inapomaliza, pamoja na muda wa prosesa uliotumika upande wa programu na upande wa kerneli. Ilianzishwa na David Peter mwaka 2018. Kwa kawaida hurudia amri angalau mara 10 na kwa angalau sekunde 3, halafu inakupa wastani, kiasi cha kutawanyika, muda mfupi kabisa na mrefu kabisa, na inakuonya ikiona matokeo yaliyojitenga na mengine. Amri ninayoanza nayo ni hii:

`hyperfine -N -w 3 --output=pipe './rg-zamani kwamba matini/' './rg-mpya kwamba matini/'`

Kila kipande hapo kina sababu yake. `-w 3` huiendesha programu mara 3 bila kuhesabu, ili mafaili yawe yameshaingia kwenye kache ya kerneli, yaani kumbukumbu ya haraka. `-N` huondoa sheli, ile programu inayopokea amri, katikati. Bila hiyo, Hyperfine hukadiria muda wa sheli kuanza na kuutoa, jambo ambalo kwa amri zinazochukua chini ya milisekunde 5 halitegemeki, nayo yenyewe hukwambia hivyo.

Na `--output=pipe` ni kwa ajili ya mtego ambao umewaumbua wengi. Hyperfine kwa kawaida huelekeza majibu kwenye `/dev/null`, shimo la mfumo linalotupa kila kitu. GNU grep hutazama pale majibu yanapokwenda. Ikikuta ni `/dev/null`, inajua hakuna atakayeyasoma, basi inaacha kutafuta mara tu inapopata mstari wa kwanza unaolingana. Ukiilinganisha na programu isiyo na ujanja huo, grep itaonekana imesoma gigabaiti nzima kwa milisekunde chache. Haikusoma. Ilifungua faili, ikaona neno, ikaondoka. Ukiona matokeo yanayokushangaza kwa uzuri, shuku hapo kwanza.

Mtego mdogo: grep ikikosa neno humaliza kwa kutoa namba 1 badala ya 0, na Hyperfine huchukulia hilo kuwa kushindwa na kusimama. Kwa ruwaza zisizokuwepo ongeza `-i`.

*Kelele.* Nyingi. Prosesa hupandisha na kushusha mwendo wake yenyewe, kivinjari kinaamka, kasha linapata joto. Umeme ukikatika katikati ya kipimo laptopu ikahamia betri, nusu ya kwanza na nusu ya pili ni mashine mbili tofauti. Aidha Hyperfine huimaliza amri ya kwanza mara zote ndipo inaanza ya pili, kwa hiyo joto linaloongezeka humwangukia wa pili. Mimi huiendesha mara mbili, mara ya pili nikiwa nimegeuza mpangilio. Kwenye Linux, kuifunga prosesa kwenye mwendo wa juu kwa `cpupower frequency-set -g performance` kunapunguza kelele sana. Hata hivyo, kwenye laptopu ya kawaida, tofauti ya asilimia 1 au 2 siiamini.

*Kisichoonekana.* Sababu. Itakwambia imekuwa polepole, basi.

*Gharama.* Karibu hakuna. Inafanya kazi Linux, macOS na Windows, na programu inayopimwa inaweza kuwa imeandikwa kwa lugha yoyote. Ukitaka kupima hali ya baridi, yaani mafaili yakiwa bado kwenye diski, Linux inakuruhusu kumwaga kache kabla ya kila mzunguko kwa `--prepare 'sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches'`. Jiandae tu kwamba hapo unapima diski yako kuliko programu yako.

Kinamfaa yeyote anayeanza, na yeyote anayetaka kumwambia mtumiaji ukweli anaoweza kuuhisi.

perf stat

*Kinachopimwa.* Hesabu ambazo prosesa yenyewe inaziweka: maelekezo yaliyotekelezwa, mizunguko, mara ilipobashiri njia vibaya, mara kurasa za kumbukumbu zilipokosekana. perf ilikuja na kerneli ya Linux 2.6.31 mwaka 2009 na bado inakaa ndani ya msimbo wa kerneli.

`perf stat -r 20 -e instructions:u,cycles:u,branch-misses:u,page-faults ./rg-mpya -j1 kwamba matini/ | cat > /dev/null`

Ule `cat` ni kwa sababu ya mtego uleule wa `/dev/null`.

*Kelele.* Maelekezo ya upande wa programu, yaani `instructions:u`, hutulia kuliko muda. Prosesa ikipunguza mwendo, muda unapanda lakini maelekezo yanabaki yaleyale. Ndiyo sababu timu ya kompaila ya Rust huyategemea kama kipimo chake kikuu cha kufuatilia kuzorota. Sharti ni `-j1`, yaani thredi moja: thredi nyingi zinapogombea kazi, hesabu hubadilika kila mara. Mizunguko ina kelele zaidi, lakini ipo karibu zaidi na muda.

*Kisichoonekana.* Kusubiri diski hakuonekani kwenye maelekezo. Pia idadi ya maelekezo siyo muda: elekezo moja la SIMD linaweza kufanya kazi ya thelathini, na elekezo moja linalosubiri kumbukumbu ya mbali linaweza kugharimu kuliko mia. Hapa ndipo uzuri wa perf ulipo, kwa sababu inakupa hesabu kadhaa kwa pamoja, nawe unaweza kuona maelekezo yamepungua huku mizunguko imepanda ukajua umeuza nini ukanunua nini.

*Gharama.* Linux tu. Baadhi ya matoleo ya Linux hufunga hesabu hizi kwa mtumiaji wa kawaida kupitia `/proc/sys/kernel/perf_event_paranoid`. Na kwenye seva nyingi za kupangisha, zilizo mashine pepe, prosesa haionyeshi hesabu zake kabisa; utapata maneno kwamba hazitumiki mahali namba zilipotakiwa kuwa. Lijaribu hilo kwanza kabla hujajenga chochote juu yake.

Kinamfaa aliye na mashine halisi ya Linux na anayetaka kuelewa, asiyeridhika na kujua tu.

Cachegrind

*Kinachopimwa.* Nayo huhesabu maelekezo, lakini badala ya kuiuliza prosesa, huiendesha programu yako ndani ya Valgrind, mtambo unaoigiza prosesa, na kuhesabu kila elekezo yenyewe, kazi kwa kazi na mstari kwa mstari wa msimbo. Zamani ilijulikana pia kwa kuigiza kache. Tangu Valgrind 3.21 ya mwaka 2023 uigizaji huo umezimwa mpaka uuombe, kwa kuwa kache inayoigizwa haifanani sana na ya prosesa za leo.

*Kelele.* Karibu hakuna, na hii ndiyo sifa yake kuu. Iendeshe mara mbili na namba zitakaribiana hadi tarakimu za mwisho, iwe laptopu yako ni moto au baridi, iwe jirani kwenye seva ya kupangisha anachemsha au amelala. Waandishi wa SQLite wameitumia kwa miaka kupunguza kazi ya maktaba yao kwa vipande vidogo vidogo mno ambavyo saa isingeviona, na vikijumlishwa vikawa kitu. Kwa ule ugonjwa wa bandu bandu sijui dawa bora kuliko hii.

*Kisichoonekana.* Hapa kuna mengi, na programu ya kutafuta maandishi inayagusa karibu yote. Cachegrind huona upande wa programu tu. Kazi ya kerneli haionekani. Chukua ripgrep: ikipewa faili moja hupendelea kulipachika kwenye kumbukumbu kwa mmap, ikipewa folda yenye mafaili mengi husoma kwa vipande. Mtu akibadilisha msimbo kutoka kusoma kwa vipande kwenda mmap, Cachegrind itapongeza kwamba maelekezo yamepungua. Kumbe gharama imehamia kerneli, kwenye kukosekana kwa kurasa, na kwa maelfu ya mafaili madogo mtumiaji ndiye atakayeilipa. Thredi nazo huendeshwa moja baada ya nyingine, hivyo ushindani wa kufuli hauonekani. Na AVX-512, seti ya maelekezo mapana ya SIMD, haitumiki humo: kama programu yako huchagua njia hiyo ikiikuta, ndani ya Valgrind itachagua njia nyingine, nawe utakuwa unapima msimbo ambao mtumiaji hatauendesha.

*Gharama.* Programu hupungua kasi mara nyingi, kwa hiyo ipe megabaiti chache, usiipe gigabaiti. Linux ndiko nyumbani kwake. Ukishapata mafaili mawili ya matokeo, `cg_annotate --diff zamani.out mpya.out` itakuonyesha ni kazi ipi iliyonenepa. Hii peke yake imeniokolea jioni nyingi.

Kinamfaa anayetaka lango la kujiendesha kwenye seva asiyoimiliki, mradi akumbuke linalinda mlango mmoja wa nyumba.

Criterion na wenzake

*Kinachopimwa.* Kipande kimoja cha msimbo: kazi ya kutafuta baiti, kuchambua ruwaza, kulinganisha jina la faili na kanuni ya `.gitignore`. Criterion.rs ni ya Rust na imechota wazo kutoka maktaba ya Haskell yenye jina hilohilo. Kwa Go kuna vipimo vilivyojengwa ndani ya lugha pamoja na benchstat. Kwa C++ kuna Google Benchmark. Nitaongelea Criterion, lakini hukumu ni ileile.

*Kelele.* Wastani. Kwa chaguo-msingi hupasha moto kwa sekunde 3, huchukua sampuli 100 ndani ya takriban sekunde 5, kisha hulinganisha kitakwimu na kumbukumbu uliyohifadhi: `cargo bench -- --save-baseline zamani`, baadaye `cargo bench -- --baseline zamani`. Takwimu hizo ni nzuri lakini hazitibu mashine mbaya. Nimewahi kuambiwa kwa uhakika mkubwa kwamba kazi fulani imezorota kwa asilimia 4, na nilikuwa nimebadilisha maelezo tu ndani ya msimbo.

*Kisichoonekana.* Programu yenyewe. Kipande hupimwa kwa chakula kilekile mara maelfu, kikiwa tayari kwenye kache ya karibu, huku prosesa imeshakariri njia. Huko kwa mtumiaji hakuna starehe hiyo. Na kuna mambo ya ujenzi: ripgrep ikijengwa na musl (maktaba ya msingi ya C, mbadala wa glibc iliyozoeleka) kwa mashine za biti 64 hubadilishiwa kigawa kumbukumbu ikapewa jemalloc, kwa kuwa kile cha musl ni cha polepole thredi zikiwa nyingi. Vipimo vidogo kwenye mashine ya msanidi, vilivyojengwa kwa glibc, visingeligusa tatizo hilo hata kidogo.

*Gharama.* Lazima uandike msimbo wa vipimo na kuutunza, na msimbo wako uwe umegawanyika kiasi cha kuweza kuita kipande peke yake. Sahau `black_box`, kinachoificha kazi machoni mwa kompaila, na kompaila itaona jibu halitumiki, ifute kazi nzima, nawe utasherehekea nanosekunde 0.

Kinamfaa mwandishi wa maktaba, au anayejua tayari kipande kipi kinamsumbua.

Kulingana na hali yako

Kama una laptopu moja na dakika 20 kabla ya kutoa toleo, tumia Hyperfine. Jenga matoleo yote mawili kwa kompaila ileile na chaguo zilezile, yape majina tofauti, chagua ruwaza 5 au 6 za sura nilizozitaja, weka `LC_ALL` ileile kwa zote kwa sababu lugha ya mfumo hubadilisha njia ambayo grep hupita, na chomeka chaja.

Kama mradi wako uko kwenye seva ya kupangisha inayojaribu kila badiliko, usiweke lango la muda lenye kizingiti cha asilimia 3. Litapiga kelele kila siku na watu watalizoea kama mbwa anayebwekea upepo. Weka Cachegrind kwa ruwaza chache na chakula kidogo, na ongeza Hyperfine yenye kizingiti kikubwa, tuseme asilimia 30, kwa ajili ya kuanguka. Matoleo yote mawili yaendeshwe kwenye kazi ileile ya seva, wala usilinganishe namba ya leo na ya wiki iliyopita. Huenda siyo mashine ileile.

Kama badiliko lako linagusa usomaji wa mafaili, thredi au utembeaji wa folda, iweke Cachegrind kando. Hapo ni Hyperfine kwa muda na perf kwa kukosekana kwa kurasa, na thredi ziachwe kama mtumiaji atakavyoziacha.

Kama unaandika mtambo wa ruwaza wenyewe, Criterion ndiyo ya kila siku. Andrew Gallant anatunza pia rebar, mkusanyiko wa kulinganisha mitambo ya ruwaza, na hata kama hutautumia, tazama ruwaza alizozichagua uone ni kona ngapi ulizokuwa hujazifikiria.

Kama uko macOS au Windows bila Linux karibu, chaguo lako kwa vitendo ni Hyperfine na Criterion. Linux ndani ya mashine pepe itakupa Cachegrind bila shida; perf usiitegemee humo.

Na kama kuzorota kumeshatokea, hujui ni lini, na kuna mabadiliko 1,000 kati ya toleo zuri na baya, chombo cha kupimia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni `git bisect run`, inayogawa historia nusu kwa nusu hadi ifike kwenye badiliko baya. Iandikie skripti inayojenga programu, inaipima, na kutoa 0 ikiwa nzuri, 1 ikiwa mbaya, 125 ikiwa toleo hilo halijengeki ili lirukwe. Hatua 10 hivi zitatosha. Kwa kuanguka kwa mara 5, Hyperfine yenye `--export-json` ndani ya skripti hiyo inatosha kabisa. Kwa asilimia 2 tumia hesabu ya maelekezo, la sivyo kelele itatoa hukumu moja ya uongo katikati ya safari, na git itakupeleka kwa badiliko lisilo na hatia.

Sehemu ya kujenga ndiyo itakayochukua muda mrefu kuliko kupima. Mimi huiacha usiku, chaja ikiwa imechomekwa.